Injini Mahali pa Kochi

Kochi lilitoka asubuhi, injini ikaingia mchana.

Walionunua kochi walikuwa wachumba, hawajaoana bado, na walilikalia kila upande kama vile wanalipima kwa maisha yao yote. Walilibonyeza, wakalinusa, wakaona doa la chai, wakaomba wapunguziwe. Mama Pacha akawapunguzia, kwa sababu mtu mwenye haraka ya pesa huonekana usoni na wale wachumba hawakuwa vipofu. Mkokoteni ulipopinda kona, alirudi ndani, akatandika magunia pale sakafuni palipobaki peupe, kisha akamwita mama mkwe wake.

"Mama, njoo unishikie. Tunaingiza injini."

"Humu ndani? Wageni wakija watakaa wapi?"

"Wageni gani, Mama? Tangu msiba uishe, nani amekuja?"

Bibi, kama mapacha walivyomwita, aliinuka. Alifunga nguo yake vizuri kiunoni, akatoka.

Pikipiki ya marehemu, mume wa Mama Pacha, ilikuwa imeegemea ukuta uani tangu kabla mwenyewe hajaugua. Uani pale ni pa wapangaji wote, na kitu ukikilaza nje hujui kama utaamka nacho. Ndiyo maana waliifungua injini kwenye fremu, wakaiweka juu ya shuka kuukuu, kila mmoja akashika pembe zake mbili, wakaibeba. Walipumzika kwenye kizingiti, wakaendelea. Bibi ana miguu inayovimba, lakini alibeba, na hakuna aliyemlazimisha.

Sasa sababu, maana hakuna mtu anayeuza kochi lake kwa ajili ya burudani. Mama Pacha alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha mikate, kazi yake kutia mikate kwenye mifuko na kufunga midomo ya mifuko hiyo, kutwa nzima akiwa amesimama. Na mashine ya kufunga mikate ilikuwa imeshafika. Ilikuwa bado ndani ya sanduku lake la mbao pale stoo, na wafungaji wote walikuwa wakipita kando yake bila kuitazama, kama unavyompita jirani mliyekosana. Kila mmoja alijua sanduku lile likifunguliwa nini kitafuata. Mama Pacha, mwenye watoto mapacha wa shule na mama mkwe ndani ya nyumba, alipiga moyo konde akamfuata msimamizi.

"Nimesikia mtu wa kupeleka mikate kwenye maduka ya mtaa wa juu ameacha kazi."

"Ameacha. Kwani una mtu?"

"Nipo mimi."

Msimamizi alimtazama kuanzia viatuni. "Kwa miguu?"

"Nina pikipiki. Kuendesha najua, mume wangu alinifundisha."

"Ile ya marehemu? Ile iliyokuwa ikipita watu wanaanua nguo kambani?"

Wafungaji wenzake wakacheka. Yeye naye akacheka kidogo, kwa sababu ukikataa kucheka na msimamizi unaweza kujikuta umepangiwa kusugua tanuri.

"Nitaitengeneza," alisema.

"Jumatatu alfajiri nataka kuiona hapa mlangoni, isiyo na moshi. Mkate unashika harufu upesi. Ukiwa nayo, njia ni yako. Usipokuwa nayo nampa mwingine, na tusije tukalaumiana."

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Jumatatu pikipiki iwe mlangoni, au sanduku lifunguliwe na yeye arudi nyumbani mikono mitupu.

*

Alijifunzia wapi injini? Kwa kumshikia mume wake tochi. Mwanamke anayemshikia mumewe tochi kila pikipiki inapogoma, mwaka baada ya mwaka, huku akigombezwa kwamba anamulika pabaya, mwishowe atajua pazuri ni wapi. Alijua kufungua hedi, kile kichwa cha injini. Alijua kuvuta silinda juu taratibu bila kukwaruza. Na siku ile alipoivuta, hata Bibi asiyejua kitu aliona ugonjwa. Ndani ya silinda mlikuwa na michirizi ambayo ukipitisha ukucha unakwama, na ringi moja ya pistoni ilikuwa imekatika vipande.

"Masikini mwanangu," alisema Bibi. "Alikuwa akiendesha hiki?"

"Na abiria mgongoni, Mama."

Kesho yake alikwenda duka la vipuri, pistoni mbovu ikiwa imefungwa kwenye kitambaa chake cha kichwa. Akaiweka juu ya kaunta.

"Mwenyewe yuko wapi?" aliuliza muuzaji, akitazama nyuma yake.

"Mwenyewe ndiye mimi."

"Namaanisha mwenye pikipiki."

"Amefariki."

"Pole sana. Basi mpigie fundi, niongee naye."

"Fundi ndiye mimi."

Muuzaji alimwita mwenzake aliyekuwa nyuma akila, ili naye aje aone. Wakamtazama wote wawili, wakaitazama pistoni, wakamtazama tena. Kisha wakamtajia bei ya seti ile nzuri, silinda na pistoni na kila kitu chake, na Mama Pacha akaanza kuifunga pistoni yake tena kwenye kitambaa.

"Ya bei poa pia ipo," alisema muuzaji. "Nayo ni pistoni, inapanda na kushuka. Ila nikuambie kabisa, Mama, ukishaiondoa dukani sipokei. Hivi vitu si sufuria, kwamba hujaipenda rangi unarudisha."

Alichukua seti ya bei poa, silinda na pistoni yake. Alichukua na gasketi ya juu, ile karatasi ya kuzibia maungio ya injini, plagi, na oili chupa moja. Gasketi ya chini hakuweza. Aliomba kuishika tu, akaigeuza huku na huku, akaipima kwa vidole, akairudisha. Nyumbani alikata ya kwake kutoka kwenye jalada gumu la kitabu cha mapacha, kwa mkasi wa kushonea, na matundu ya boliti akayatoboa kwa msumari wa moto. Ulipofika wakati wa kuifunga, ilikaa sawasawa.

*

Mtaani palikuwa na fundi mmoja wa pikipiki waliyemwita Kikohozi, na ukimsikia tu unajua kwa nini. Mama Pacha alikwenda kumwomba aje aangalie.

"Nikishika spana nalipwa," alisema Kikohozi. "Nikiangalia kwa macho, chai inatosha."

Alikuja, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa kuwa kochi halikuwepo, akanywa chai, akaangalia. Alitimiza neno lake, hakugusa hata nati. Lakini mdomo haukutulia. Alisema valvu zinavujisha, zisagwe. Alisema kabla ya kutia pistoni waweke kitambaa kwenye mdomo wa injini, kitu kisije kikatumbukia. Alisema hajawahi kuona gereji yenye mapazia.

Valvu alizisaga Bibi. Kazi ile haitaki nguvu za miguu. Kikohozi aliwaelekeza kuchomeka kipande cha mpira wa maji kwenye shina la valvu, kupaka ile dawa ya mchanga mchanga, kisha kuzungusha mpira katikati ya viganja, huku na huku, huku na huku, mpaka valvu ikae kwenye kiti chake bila kuacha hata upenyo wa nywele. Bibi alikaa mkekani akizungusha kuanzia mapacha walipokwenda shule mpaka waliporudi. Ngozi ya viganja ikaanza kuchubuka. Akipumzika kidogo anamimina mafuta ya taa kuona kama yanavuja, yakivuja anaanza tena.

"Inatosha, Mama, pumzika," Mama Pacha alimwambia.

"Acha. Bado inalia machozi."

Nyumba nzima ikawa inanuka mafuta ya taa. Madaftari ya mapacha yakanuka, chakula kikanuka, na mwalimu akaandika barua kuuliza kama nyumbani kuna usalama. Kisu cha jikoni kilikuwa kikikwangua gasketi ya zamani, na sinia la kuchambulia mchele ndilo lililobeba nati, kila moja mahali pake. Mpangaji wa chumba cha pili aligonga ukuta mara kwa mara. Alipochoka kugonga alikuja mlangoni, akasema yeye alipanga nyumba, hakupanga karakana.

Siku ya kutia pistoni ndipo kilipotokea kioja. Pini ya pistoni hushikwa na vikufuli viwili vidogo vya waya, kila upande kimoja. Cha kwanza kiliingia. Cha pili Mama Pacha alikibana kwa koleo, kikafyatuka, kikapotea. Walitazamana. Walihamisha sinia, wakakung'uta magunia, wakapapasa chini ya kabati, wakakitoa kile kitambaa kwenye mdomo wa injini kwa woga na kumulika ndani. Hakimo. Mama Pacha alikaa chini akaegemea ukuta, kwani kikufuli kile peke yake hakiuzwi, na pesa ya kochi ilikuwa imekwisha.

"Simama nikuone," alimwambia Bibi ghafla.

Bibi akasimama, kikufuli kikadondoka kutoka kwenye mkunjo wa nguo yake, kikalia ting sakafuni. Bibi alikitazama, akamtazama mkwewe, akaanza kucheka. Mama Pacha naye akashikwa. Walicheka mpaka Bibi akalazimika kushika kabati. Ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika katika nyumba ile tangu mwenyewe azikwe, na kilipokwisha, kila mmoja alijipangusa macho akiangalia upande wake.

*

Jumamosi waliirudisha injini kwenye fremu uani. Mama Pacha akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, pikipiki ikarudisha kiki kwa nguvu ikampiga mfupa wa mguu, akainama akiuma meno. Wapangaji waliokuwa wakifua wakaacha kufua. Mmoja akasema taratibu, lakini si taratibu sana, kwamba kochi lile lilikuwa zuri.

Kikohozi aliitwa, akaja na kikombe chake kabisa. Mama Pacha alimfungulia kifuniko, yeye akainama, akatazama cheni ndogo ya pembeni ya injini, ile inayozungusha valvu.

"Jino moja," alisema. "Umeruka jino moja. Valvu inafunguka wakati wa kufunga."

Mama Pacha aliivua cheni, akahesabu meno upya, akafunga. Akapiga kiki. Pikipiki ikakohoa. Akapiga tena ikawaka, ikatoa moshi wa oili iliyomwagika, kisha moshi ukapungua, ukapungua zaidi, ukaisha. Ikabaki inanguruma peke yake, sauti safi, bomba limekauka.

Mama Pacha hakupiga kelele. Alisimama ameshika usukani, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa myeusi. Mpangaji wa chumba cha pili, yule wa karakana, ndiye aliyepiga makofi wa kwanza.

Na Bibi? Bibi alikuwa akiusikia mlio ule kila alipokuja kuwatembelea, jioni mwanawe akirudi, naye anaweka chai motoni. Furaha ilimjaa, akataka kumgawia mtu, na mtu aliyebaki kwake alikuwa mwanawe mkubwa. Akachukua simu.

"Haloo, mwanangu. Usiseme kitu. Sikiliza." Akaisogeza simu karibu na bomba, akaishikilia pale, kisha akairudisha sikioni. "Umesikia? Chombo cha mdogo wako hicho. Kimefufuka."



"Nani kaitengeneza?"

"Sisi wenyewe. Mimi na mke wa ndugu yako. Valvu nimesaga mimi, hivi viganja vyangu."

"Hongereni," alisema mwanawe. "Kesho nakuja."

Bibi alikata simu akitabasamu. "Kesho shemeji yako anakuja kuiona," alisema.

Mama Pacha alizima injini. Alijua kitu ambacho Bibi, kwa kuwa ni mama, hakutaka kukijua. Siku ya kumaliza msiba shemeji alizunguka nyumba nzima, akachukua televisheni, akachukua simu ya marehemu, na kadi ya pikipiki, ile ya umiliki, akaitia mfukoni akisema ataihifadhi. Pikipiki yenyewe aliipiga teke tairi akasema, "Hiki chuma baki nacho, shemeji." Na kuhusu mama yake alisema, "Mama atakaa na wewe kidogo, mpaka mambo yangu yatulie."

*

Shemeji alikuja Jumapili na pikapu ya kukodi na dereva wake. Kabla ya kukaa alitafuta pa kukaa, akaonyeshwa ndoo. Akakaa juu ya ndoo ile, magoti yakamfika kifuani, na hilo pengine ndilo lililomfanya aende moja kwa moja kwenye shabaha.

"Shemeji, umefanya kazi ya kiume. Hongera."

"Asante, shemeji."

"Sasa nimekuja kuchukua pikipiki."

Bibi, aliyekuwa akimimina chai, akaacha kumimina.

"Ulisema chuma nibaki nacho," alisema Mama Pacha.

"Nilisema chuma. Wakati ule ilikuwa chuma. Sasa ni pikipiki."

"Shemeji, kesho alfajiri naanza nayo kazi. Ni mikate. Nikilipwa nitakuwa nakukatia sehemu yako kila wiki, nakuapia. Usininyang'anye mguu nikiwa njiani."

"Kadi ninayo mimi. Askari akikusimamisha utamwonyesha nini, mkate?"

Dereva wa pikapu, aliyesimama mlangoni, akacheka. Shemeji hakucheka. Tumpe haki yake, hakuwa na roho ya jiwe. Duka lake lilikuwa limefungwa, mkewe amerudi kwao, na jana ile ile baada ya kukata simu alikuwa amekwenda kuchukua pesa ya kianzio kwa kijana aliyetaka pikipiki ya kuendesha. Pesa yenyewe alikwisha kuila. Hivyo hata kama moyo ungelainika, mkono ulikuwa umefungwa, na mtu wa namna hiyo huwa mkali kuliko mwizi.

"Mwanangu," alisema Bibi, "huyu ana watoto wa mdogo wako."

"Najua, Mama. Watoto nitawaangalia."

"Kwa macho tu?"

Shemeji akainamisha uso, akafuta vumbi lisilokuwepo kwenye suruali.

Akilini Mama Pacha alikuwa akizipitia njia zote, kwenda kwa mjumbe wa mtaa, kwenda polisi, kulia, kupiga magoti, na mwisho wa kila njia aliiona kadi ile mfukoni mwa shemeji. Akasimama.

"Sawa," alisema. "Chukua pikipiki ya ndugu yako. Ila ngoja nitoe vitu vyangu."

"Vitu gani?"

"Nilivyonunua mimi."

Alitoka na sinia lake na spana. Alipiga magoti kando ya pikipiki, akafungua boliti ya chini, oili ikaanza kumwagika ndani ya beseni, bado ina rangi ya asali. Ilipokuwa ikitiririka alipangusa kidole kimoja, akampigia msimamizi simu, akamwambia pikipiki ya kesho haipo.

"Nilijua," alisema msimamizi, akakata.

Shemeji alidhani ni vitisho. Alisimama mikono kiunoni, akitabasamu, akingoja achoke. Tabasamu likaanza kupungua tanki liliposhuka, likaisha hedi ilipotoka. Wapangaji wote walikuwa nje. Shemeji alipomwona Kikohozi katika umati akamwita.

"Wewe fundi, mwambie huyu. Anaharibu mali ya watu."

Kikohozi alikohoa kwanza mpaka akamaliza. "Mimi sioni anachoharibu," alisema. "Anafungua vizuri. Kila nati iko kwenye sinia."

Silinda mpya ikatoka. Pistoni ikatoka, ing'aayo, haijawahi hata kwenda mpaka dukani na kurudi. Mama Pacha akavifuta, akavirudisha kwenye boksi lake. Akatoa plagi. Akaibandua na ile gasketi ya jalada la kitabu, iliyochanika kidogo. Shemeji alipoona anainua hedi na kuigeuza, akapiga hatua mbele.

"Na hizo valvu pia unatoa?"

"Valvu ni za ndugu yako. Zilikuwa zinavuja, akazisaga mama yako kwa viganja vyake. Hizo nakuachia."

Shemeji hakumtazama mama yake. Angemtazama asingemwona, maana Bibi alikuwa ameshaingia ndani kitambo, na Mama Pacha alidhani amekwenda kulia.

Kisha alirudisha vile vya zamani. Silinda yenye michirizi, pistoni iliyolika, ringi nzima na ringi iliyokatika, plagi nyeusi. Alifunga kila boliti na kuikaza ipasavyo, hakulegeza hata moja makusudi, hakuacha nati nje. Mkono wake ulikwenda taratibu kuliko siku zote. Alipomaliza alisimama kwa shida akishika kiuno.

"Haya, shemeji. Kama ulivyoniachia."

Shemeji alitukana, akalaani, akasema ukoo utasikia. Lakini alikuwa ameshalipia pikapu, na kijana wake alikuwa akingoja pikipiki. Akamwamuru dereva. Wakaikokota, wakaipandisha, wakaifunga kwa kamba.

Hapo Bibi akatoka. Alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea na kushika begi lake, lile lile alilokuja nalo msibani, limefungwa kwa uzi mahali zipu ilipokufa. Watu wakampisha.

"Mama, unakwenda wapi?" aliuliza Mama Pacha.

"Mimi ndiye niliyepiga simu," alisema Bibi, sauti haina nguvu. "Siwezi kukaa humu nikala chakula cha mtu niliyemchongea." Akamgeukia mwanawe. "Uliacha mizigo miwili hapa, baba. Mmoja umeshaupakia. Mimi nimejifunga mwenyewe, sikusumbui."

Shemeji alitazama begi. Akatazama miguu ya mama yake, iliyovimba juu ya ndala.

"Mama, gari halina nafasi," alisema.

Dereva alikuwa ameshaingia, mkono kwenye usukani. Hakujua mambo ya watu, na alikuwa kijana mwenye adabu. "Nafasi ipo, bosi," alisema dirishani. "Mbele tunakaa watatu."

"Wewe washa gari."

"Nasema Bibi akae katikati, mimi nitajibana."

"Nimesema washa gari." Kisha kwa mama yake, haraka, akiwa ameshafungua mlango: "Nitakuja kukuchukua. Mambo yangu yakitulia tu, nakuja."

Pikapu ilirudi nyuma, ikapinda, ikaondoka. Umati ukatawanyika kimya kimya, kila mtu akakumbuka ana nguo za kuanika. Kikohozi alijifanya anatafuta kikombe chake. Bibi alibaki katikati ya ua, begi bado mkononi, akiwa ameelekea njia waliyopita.

Mama Pacha alimkaribia. Mikono ilikuwa na oili mpaka viwiko, hivyo hakumshika, alisimama tu kando yake.

"Alisema gari halina nafasi," alisema Bibi baada ya muda.

"Alisema hivyo, Mama."

"Lakini dereva alisema ipo."

"Dereva alisema ipo."

Bibi alitikisa kichwa kukubali, polepole, mara nyingi. Mama Pacha aliingiza mkono kwenye mpini wa begi, akalibeba kwa kiwiko ili asilichafue, akatangulia nalo ndani. Bibi alichelewa kidogo, kisha akavua ndala mlangoni akaingia.